Printa ya Tangi la Wino: Kuipima Thamani Yake Kabla ya Kuinunua

Maelezo yaliyotolewa kwa wakazi wa Kata ya Vigwaza, Halmashauri ya Chalinze, mkoani Pwani



Nimeombwa nizungumzie chombo ambacho miaka kumi na mitano iliyopita kisingeletwa katika kikao cha kata: printa ya nyumbani, hususan ile ya tangi, ambayo mwenye nayo huijazia wino mwenyewe kutoka kwenye chupa. Nimeambiwa kwamba wengi hapa wameanza kuiulizia. Walimu hutunga mitihani nyumbani. Vijana huomba mikopo ya elimu ya juu kwa mtandao, kisha hulazimika kuzichapa fomu zao ili zisainiwe na kugongwa muhuri. Viongozi wa vikundi vya kuweka na kukopa huhitaji daftari za wanachama zilizo nadhifu. Na kando ya barabara kuu ya Morogoro hakukosi mtu mwenye karatasi ya mzigo inayotakiwa nakala.

Ninyi mnaishi jirani na mizani, kwa hiyo nitaanzia hapo. Lori linapopanda mizani ya Vigwaza halipimwi uzito wa jumla peke yake. Linaweza kuwa chini ya tani 56, ambazo ndizo ukomo wa juu katika sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, na bado likakutwa na kosa kwa sababu ekseli moja imebeba kupita kiasi. Printa nayo ina ekseli zake: bei ya kuinunua, bei ya wino, karatasi, matengenezo na muda itakaokaa bila kutumika. Mnunuzi anayetazama bei ya dukani pekee amepima ekseli moja akaliachia lori lipite.

Printa ya wino tuliyoizoea hubeba wino ndani ya katriji, yaani kijisanduku kidogo cha plastiki kinachochomekwa na kuchomolewa. Wino ukiisha, kijisanduku hutupwa na kingine hununuliwa. Kwa miaka mingi biashara hii iliendeshwa kama mtu anayeuza kibatari kwa bei ya kutupa ili mnunuzi amrudie kwa mafuta ya taa maisha yake yote. Printa ilikuwa rahisi, na faida ilikuwa kwenye wino. Watumiaji nao hawakulala. Mafundi wakajifunza kuijaza katriji kwa bomba la sindano, na katika nchi kadhaa wakaanza kutoboa printa, kupitisha mipira myembamba na kuiunganisha na makopo ya wino yaliyowekwa pembeni. Nchini Indonesia desturi hiyo ilienea sana, na mnamo Oktoba 2010 kampuni ya Epson ikazindua huko huko printa yenye matangi yaliyojengwa kiwandani. Canon na HP zikafuata miaka michache baadaye. Kwa maneno mengine, printa ya tangi haikuanza kama zawadi ya viwanda kwa wateja. Wateja ndio walioanza kuitengeneza kwa mikono yao, na viwanda vikaona ni heri viiuze vyenyewe.

Tofauti ya wino kati ya aina hizi mbili ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Katriji ndogo nyeusi ya HP 123, ambayo imeuzwa sana katika masoko yetu, imekadiriwa na mtengenezaji wake kutoa kurasa 120 hivi. Chupa moja nyeusi ya Epson 103 yenye mililita 65, inayotumika katika printa kama L3250, imekadiriwa kurasa 4,500. Makadirio haya hufanywa kwa kurasa za kipimo zenye maandishi ya wastani, zinazochapwa mfululizo. Nyumbani hali si hiyo, hivyo msishangae mkipata pungufu. Hata mkilikata nusu kadirio la chupa, bado pengo halifunikiki.

Sasa tufanye hesabu. Bei nitakazozitaja ni za mfano tu. Kila mmoja aziondoe na kuweka zile alizoambiwa dukani.

Tuseme printa ya katriji inauzwa shilingi 150,000 na ya tangi shilingi 550,000. Tofauti ni shilingi 400,000. Tuseme katriji yenye kurasa 120 ni shilingi 40,000. Basi wino wa ukurasa mmoja ni shilingi 333. Tuseme chupa yenye kurasa 4,500 ni shilingi 36,000. Wino wa ukurasa mmoja ni shilingi 8. Kila ukurasa unaochapwa kwa printa ya tangi unaokoa takriban shilingi 325. Gawanyeni 400,000 kwa 325, mtapata kurasa 1,231 hivi. Hiyo ndiyo idadi ya kurasa ambazo zikishachapwa, printa ya bei kubwa inakuwa imeifikia ile ya bei ndogo, na kuanzia hapo inaipita.

Mwenye kuchapa kurasa 100 kwa mwezi atafika hapo baada ya mwaka mmoja na siku chache. Mwenye kuchapa kurasa 10 kwa mwezi atafika baada ya miaka kumi, na sijaona sababu ya kutumaini kwamba printa ya aina yoyote kati ya hizi mbili itakuwa hai.

Lakini hesabu hiyo, ambayo wauzaji hupenda kuionyesha, ina upungufu mmoja mkubwa. Inalinganisha printa na printa, ilhali wengi wetu hatuna printa kabisa. Tunatoka nyumbani na fleshi au simu, tunakwenda steshenari, tunalipa kwa ukurasa. Hilo ndilo jambo la kulinganisha nalo. Tuseme ukurasa mmoja steshenari ni shilingi 200. Nyumbani, wino ni shilingi 8, na karatasi, kama rimu ya karatasi 500 ni shilingi 12,000, ni shilingi 24. Jumla shilingi 32. Mmeona kilichotokea? Kwa printa ya tangi karatasi imekuwa ghali kuliko wino. Unaokoa shilingi 168 kwa ukurasa, na ili shilingi 550,000 zirudi unahitaji kuchapa kurasa 3,274. Familia inayochapa kurasa 10 kwa mwezi itahitaji miaka 27. Familia hiyo haihitaji printa. Inahitaji kuishi kwa amani na mwenye steshenari.

Mzee mmoja, mwalimu mstaafu, amenipa swali lake kabla ya kikao na kuniruhusu nilitumie bila kulitaja jina lake. Ametenga shilingi 700,000 katika mafao yake. Anataka kufungua huduma ya kuchapa barazani kwake. Mwanawe anamshauri anunue printa ya katriji, abaki na akiba mfukoni. Jirani anamshauri anunue ya tangi. Fedha hizo, kwa maneno yake mwenyewe, hazina mdogo wake.

Mwalimu wetu ataingiza kwa kila ukurasa shilingi zile zile 168 ambazo familia ingeziokoa, kwa kuwa sasa yeye ndiye steshenari. Akipata kurasa 300 kwa mwezi, atabakiwa na shilingi 50,400, na printa itakuwa imejilipa katika mwezi wa kumi na moja. Akipata kurasa 60 kwa mwezi, atabakiwa na shilingi 10,080, na itamchukua karibu miaka minne na nusu. Hapo sijahesabu umeme, wala kurasa zilizoharibika, wala muda wake wa kukaa barazani. Na kwa printa ya katriji je? Wino shilingi 333, karatasi shilingi 24, mteja analipa 200. Kila ukurasa ni hasara ya shilingi 157, na kadiri wateja wanavyoongezeka ndivyo hasara inavyokua. Akiba ambayo mwanawe anataka ibaki mfukoni ingetoka humo humo mfukoni, katriji moja baada ya nyingine.

Kwa hiyo katika kazi ya huduma, katriji ndogo haifai hata kujadiliwa. Swali lililobaki ni kama wateja wapo. Kwa hilo ushauri wangu ni wa kizamani: kabla ya kwenda Kariakoo, achukue daftari na kwa wiki tatu aandike kila mtu anayepita akiulizia kuchapa, na kurasa ngapi. Aandike wanaouliza kweli, si wanaosema "ukifungua tutakuja". Na azingatie kwamba kazi hii ina misimu. Miezi ya maombi ya mikopo ya wanafunzi na majuma ya mitihani huleta foleni. Kisha hufuata miezi mikavu.

Miezi mikavu ndiyo adui wa printa yoyote ya wino, na hapa naomba mnivumilie nikae kidogo, maana malalamiko mengi huzaliwa hapa. Wino hutoka kwenye vitundu vidogo kuliko unywele vilivyo katika kichwa cha kuchapia. Printa ikikaa wiki kadhaa bila kazi, wino hukauka katika vitundu hivyo, na karatasi hutoka na mistari myeupe. Printa ina amri ya kujisafisha, lakini kila ikijisafisha inavuta wino mwingi na kuumwaga ndani. Mtu aliyenunua printa ili achape mara moja kwa miezi miwili huishia kutumia wino kuisafishia printa kuliko kuchapia. Dawa ni kuchapa walau ukurasa mmoja wenye rangi zote kila wiki, hata kama hakuna haja nao.

Wino unaomwagwa wakati wa kusafisha hufyonzwa na sponji iliyo chini ya printa. Printa huhesabu, na siku ikiona kwamba sponji imejaa husimama na kutoa ujumbe. Si kwamba imekufa. Sponji inabadilishwa na hesabu inarudishwa mwanzo. Baadhi ya printa zina kisanduku cha wino taka ambacho mwenyewe unaweza kukibadilisha. Nyingine zinahitaji fundi. Ulizeni jambo hili dukani, na ulizeni fundi wa karibu yuko wapi: Mlandizi, Chalinze, au ni lazima Dar es Salaam. Nauli ya kupeleka printa kwa fundi nayo ni sehemu ya bei.

Zimeni printa kwa kitufe chake, msichomoe waya ukutani. Inapozimwa kwa kitufe, kichwa hurudi mahali pake na kufunikwa ili kisikauke. Umeme ukikatika au LUKU ikiisha katikati ya kazi, kichwa hubaki wazi; umeme ukirudi iwasheni na kuizima upya kwa utaratibu. Vumbi la barabarani pia lina madhara, kwa hiyo kitambaa safi cha kuifunika si anasa. Karatasi wekeni ndani ya mfuko wake, kwani unyevu wa ukanda huu huilainisha ikajikunja na kukwama.

Tangi lisishuke chini ya mstari wa mwisho, kwa kuwa hewa ikiingia kwenye mipira yake kazi ya kuitoa hula wino na subira. Na printa ikishajazwa wino haisafiri kwa bodaboda. Ikiwa mpya na kavu ndani ya boksi lake, iwekeni kwenye buti la basi bila wasiwasi. Ikishajazwa, ikiinamishwa tu humwaga, na wino huo hauondoki kwenye nguo.

Kuna jambo lingine ambalo wauzaji hawalisemi kwa sababu wateja hawaliulizi. Wino hauko wa aina moja. Printa nyingi za tangi za bei ya chini hutumia wino mweusi unaoyeyuka majini. Nyingine, zikiwamo kadhaa za Canon na HP, hutumia mweusi wenye chembechembe usiosambaa kirahisi. Kwa mtihani wa darasa la nne tofauti hiyo haina uzito. Kwa mkataba wa mauziano ya shamba ina uzito sana. Hapa Vigwaza ardhi inauzwa na kununuliwa kila juma, na karatasi za mauziano hukaa katika sanduku chini ya kitanda miaka ishirini. Karatasi iliyolowa mvua siku moja ikapoteza maandishi yake inaweza kugharimu eka nzima. Nyaraka za aina hiyo zichapwe kwa printa ya leza, au angalau zitolewe fotokopi, kwa sababu unga wake huyeyushwa kwa joto na kushikamana na karatasi.

Nimeitaja leza, basi niimalize. Kwa mtu asiyehitaji rangi na anayechapa kwa vipindi vya mbali, printa ndogo ya leza inaweza kuwa chaguo bora kuliko zote mbili, maana unga haukauki. Toner ya HP 85A, kwa mfano, imekadiriwa kurasa 1,600. Gharama yake kwa ukurasa iko katikati. Kasoro yake ni umeme: inapopasha joto huvuta mamia ya wati, ilhali printa ya wino ikichapa hutumia wati kumi na kitu. Mwenye kutegemea sola ndogo asiijaribu.

Sasa tuje dukani. Printa ile ile huuzwa katika sehemu mbalimbali za dunia na chupa zenye namba tofauti. L3250 ya Afrika hutumia wino namba 103, ya Asia hutumia 003, na ndugu zake wa Ulaya hutumia 104. Printa iliyoletwa kutoka nje, mpya au iliyotumika, inaweza kuwa nzima kabisa na bado ikakusumbua kwa wino wake. Iliyotoka Marekani inaweza kuhitaji umeme wa volti 110, na kuichomeka kwenye 230 yetu ni kuichoma. Kabla ya kulipa, someni kibandiko cha nyuma, ulizeni chupa ya wino hapo hapo, na muione kwa macho.

Kuhusu wino, tutofautishe mambo mawili ambayo mitaani huitwa yote "feki". Wino mbadala ni ule unaotengenezwa na kampuni nyingine na kuuzwa kwa jina lake halisi. Huo ni biashara halali, ubora wake ukiwa mzuri au mbaya. Wino bandia ni ule unaojivika jina na alama za kampuni isiyoutengeneza. Huo ni kosa chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na Tume ya Ushindani ina mamlaka ya kuukamata. Tazameni kifuniko kama kimefunguliwa, maandishi kama yana makosa, na bei kama ni nusu ya maduka mengine yote. Mnaponunua wino mbadala, someni kwanza masharti ya waranti yanasemaje juu ya madhara yatokanayo na wino huo.

Wazalishaji nao wana wajibu. Desemba 2020 mamlaka ya ushindani ya Italia iliitoza HP faini ya euro milioni 10 kwa kutowaeleza wanunuzi ipasavyo kwamba baadhi ya printa zake ziliwekewa mipaka ya kutumia katriji zisizo za kampuni hiyo. Kosa mojawapo lililotazamwa pale lilikuwa mnunuzi kutoambiwa ukweli kabla ya kutoa fedha. Kwetu pia Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kumpotosha mtumiaji. Muuzaji akikwambia chupa moja inatoa kurasa elfu kumi, au akakuuzia printa iliyotumika kwa maneno ya "mpya ya boksi", hilo halimalizwi kwa kuguna.

Dai risiti ya EFD, na omba jina kamili la printa na namba yake ya utambulisho viandikwe juu ya risiti au kwenye kadi ya waranti. Waranti isiyo na tarehe wala mhuri ni karatasi tu. Lile tangazo la ukutani lisemalo mali ikishauzwa hairudishwi halimwondolei muuzaji wajibu wake pale anapouza kitu chenye kasoro au kisicholingana na alivyokieleza. Rudini dukani mapema, mkiwa na risiti, boksi na karatasi ya majaribio yenye mistari. Msiitengeneze kwanza kwa fundi wa mtaani, maana hapo muuzaji atasema fundi ndiye aliyeiharibu, na hatakuwa na shida ya kupata mashahidi. Akikataa kusikiliza, andikeni malalamiko kwa Tume ya Ushindani, mkiambatanisha nakala za risiti na waranti, na kueleza kwa tarehe kilichotokea na mnachokitaka: kutengenezewa, kubadilishiwa au kurudishiwa fedha.

Namrudia mwalimu wetu. Kama daftari lake la wiki tatu litaonyesha kurasa mia mbili au zaidi kwa mwezi, anunue ya tangi, yenye uwezo wa kutoa nakala na kuskani, kwa sababu wateja wake wengi watakuja na vyeti mkononi wala si fleshi. Chupa za kwanza huja ndani ya boksi, ila sehemu ya wino huo huishia kujaza mipira. Shilingi 150,000 zitakazobaki asizitumie kupamba baraza. Ziwe za rimu nne tano za karatasi, kifaa cha kulinda umeme, chupa moja nyeusi ya akiba, na nyingine azitunze kwa siku ya sponji. Mikataba ya ardhi aipeleke kwa mwenye leza na kumwambia mteja sababu. Kama daftari litaonyesha kurasa arobaini, basi fedha zake zibaki zilipo, na wino aendelee kuununua kwa ukurasa mmoja mmoja kwa mwenzake.

Nimeleta karatasi zenye jedwali tupu la hesabu tuliyoifanya. Zipo mezani kwa Mtendaji wa Kata. Wenye risiti na printa zinazowasumbua wabaki tuzitazame pamoja. Sasa nayapokea maswali.